Amplifaya Inajizima Mchana? Tupime Kabla ya Kufunga Feni

Kaskazi ikishaingia, tangu Disemba mpaka Machi, gari nyingi zinazoletwa dukani kwetu hapa Malindi zina lalamiko moja. Muziki unatoka mjini ukipiga vizuri, gari likikaribia Gede au Mambrui unakatika ghafla, na kwenye amplifaya imewaka taa ndogo nyekundu. Baada ya robo saa hivi unarudi wenyewe. Mwenye gari anashuka na ombi lake tayari: "Fundi, niwekee feni."

Feni tunazo na tunaziuza. Hata hivyo hatufungi feni kabla ya kupima, na wapo wateja wanaodhani tunawazungusha. Ndiyo maana naandika haya.

Joto la amplifaya ni umeme uliopotea njiani. Betri inatoa umeme, sehemu yake inafika kwenye spika ikawa sauti, inayobaki inageuka moto ndani ya lile boksi la alumini. Amplifaya ya klasi AB ikipigishwa kwa nguvu inaweza kupoteza karibu nusu ya umeme inaokula. Ya klasi D hupoteza kidogo, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, na ndiyo tunayomshauri mwenye sabufa kubwa. Yale mapezi ya ubavuni kazi yake ni kuutoa huo moto hewani. Ukizidi kiasi, amplifaya inajizima ili isiungue. Kwa hiyo kuzima kwenyewe si ugonjwa, ni kinga. Ugonjwa ni kile kinacholeta joto, na ukiweka feni bila kukitafuta umeficha maradhi tu.

Jua letu lina sehemu yake, sikatai. Buti la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa linakuwa tanuri, na amplifaya inaanza kazi ikiwa tayari moto. Fungua milango dakika chache kabla ya kuwasha muziki. Lakini magari mawili yanashinda jua lile lile, moja linazima na jingine halizimi, basi sababu si jua peke yake.

Tuliletewa Probox moja inayobeba abiria njia ya Marafa. Ilikuwa imeshafungwa feni mbili kwingine na bado inazima. Injini ikinguruma, mita ilisoma volti 13.9 kwenye betri. Tukapima kwenye amplifaya yenyewe muziki ukipiga: volti 10.8. Volti tatu zimepotelea kwenye nyaya! Baadhi ya amplifaya, volti zikishuka hivyo, huvuta umeme mwingi zaidi ili kutoa sauti ile ile, na ndipo zinapochemka.

Tukaufuata waya wa athi, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari, hadi chini ya kiti cha nyuma. Ulikuwa umekazwa kwenye bolti ya mkanda, juu ya rangi. Niliigusa bolti ile muziki ukiwa juu, nikarudisha kidole upesi. Tulipoifungua, kichwa cha waya kilikuwa kimeota kutu ya kijani, na chini yake rangi ya gari ilikuwa nzima kabisa. Umeme wote ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu. Tulipiga msasa mpaka bati likang'aa, tukaweka waya mpya wa shaba, mnene sawa na ule wa chanya na mfupi usiofika nusu mita, tukakaza na kupaka grisi juu. Mita ikasoma 13.3. Feni mbili tulizitoa, mwenyewe akaenda nazo nyumbani, na muziki ukapiga Marafa kwenda na kurudi.

Athi ndiyo kitu cha kwanza tunachokagua siku hizi. Chumvi ya bahari haina huruma na shaba, na anayelaza gari karibu na pwani, upande wa Silversands au Mayungu, akague maungio yake kila baada ya miezi sita.

Pili ni waya wenyewe. Kuna nyaya zinauzwa rahisi, nje nene za kupendeza, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe, si shaba tupu, na hiyo alumini haipitishi umeme sawa na shaba ya unene huo. Ukiutumia, nunua mnene zaidi. Ulio mwembamba unapata moto na kuishushia amplifaya volti.

Halafu kuna omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, na hapa ndipo vijana wa tuktuk wanapoumia zaidi. Sabufa moja ya omu 4 ni mzigo wa kawaida. Ukiunga mbili za namna hiyo chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, mzigo unakuwa omu 2, na umeme unaotoka unaongezeka karibu maradufu. Sauti inakua kweli, inafurahisha, lakini amplifaya iliyoandikwa kiwango chake cha chini kabisa ni omu 4 haitamaliza mchana. Soma maandishi yaliyo karibu na pale zinapoungwa nyaya za spika, au tuletee tukusomee. Tena tuktuk ina betri ndogo na chaji ndogo, haibebi mfumo wa Probox hata ukifungwa kwa ustadi gani.

Geini nayo. Ile skrubu ndogo si ya kuongeza sauti, ni ya kulinganisha amplifaya na redio. Ikizungushwa hadi mwisho, sauti inakwaruza, amplifaya inachemka, na koili ya spika inaungua. Weka besi ya ziada kwenye sifuri, pandisha redio robo tatu, fungua geini taratibu mpaka usikie mkwaruzo wa kwanza, kisha rudisha nyuma kidogo.

Kuhusu mahali: usiifunike kwa kapeti, usiifunge kichwa chini, wala usiiskrubu juu ya boksi la sabufa, maana mtetemo unalegeza lehemu za ndani. Iachie nafasi ya vidole vinne kila upande.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inazima, hapo feni ina kazi. Tunaifunga ipulize kwenye mapezi, na inawashwa kwa rilei, swichi inayowashwa kwa umeme kidogo, kwani ule waya mwembamba wa redio unaowasha amplifaya haukuumbwa kuzungusha feni. Barabara za vumbi zinaziba mapezi, kwa hiyo yapanguse kwa brashi kavu.

Ikizima ukiwa safarini, punguza redio na uiache ipoe. Usiimwagie maji wala kuiwekea kitambaa kibichi. Na tafadhali, fyuzi ikikatika usiweke kubwa kuliko iliyoandikwa. Fyuzi inaulinda waya, na waya ukiwaka unawaka ndani ya gari lenye watu.

Ukituletea gari, njoo saa nane mchana, muziki ukipiga njia nzima. Usilipoze kwanza chini ya mwembe. Tunataka kulipima likiwa katika hali ile ile inayokusumbua.