“Mpira tu, fundi”: bei ya kutengeneza choo cha kempa inatoka wapi

“Mpira tu, fundi, halafu umenitoza kama umenishushia gia boksi.” Kauli hii, au ndugu zake, tunaisikia kila msimu kempa za wageni, yale magari yenye vitanda na choo ndani, zinapoanza kuingia kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro. Safari hii imesemwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva, na aliyeisema akaongeza kwamba mafundi wa Tanga wanapanga bei kwa kuangalia namba ya gari. Hatumtaji jina. Ni mteja wetu na akirudi tutampokea. Lakini kwa kuwa wengi wameshasoma upande wake, na wetu usomwe.

Vyoo vinavyofika karakana kwetu Chumbageni ni vya kaseti, vingi vya kampuni ya Thetford, mara mojamoja ya Dometic. Juu bakuli, chini kaseti, yaani tangi la uchafu, inayochomolewa kwa mlango mdogo ubavuni mwa gari, na katikati ule ulimi wa kuteleza unaofunguka ukizungusha kitasa. Ulimi unateleza chini ya sili ya duara. Hiyo ndiyo “mpira tu”. Gari likiwa linaruka kwenye makorongo, sili hiyo ndiyo imekaa kati ya kitanda cha mgeni na lita kama 18 za kinyesi.

Bwana huyu aliona harufu imeanza kupanda na kitasa kimekuwa kizito. Alijua kuwa sili imekauka, na hapo alikuwa sahihi. Akaingia duka la kwanza akanunua mafuta ya mgando, akapaka kwa kidole. Ulimi ukateleza vizuri mno. Mafuta ya mgando ni ya kupaka miguu, jamani. Yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na mpira wa namna ile ukikutana nayo unafura. Mafuta ya kupikia nayo usiyaweke, yanaganda na kunata kama ulimbo. Siku chache tu sili ya yule bwana ilikuwa imevimba na kujikunja, ulimi unaisukuma badala ya kupita chini yake, mpaka ukakwama nusu: haufungi, haufunguki.

Sasa kuna jambo kila dereva wa kempa anapaswa kulijua kabla ya kujua hata oili ya injini. Ulimi ukiwa wazi, kaseti haichomoki. Imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikatoka imefunguka mdomo. Yeye hakujua, au alijua akasahau kwa sababu wageni wamesimama nyuma yake wamekunja mikono. Akaweka mguu kwenye bodi ya gari akavuta. Kitu kikalia ndani. Akaingiza bisibisi. Kikalia kingine.

Akaitwa fundi bomba wa nyumba, mtu mzuri na kazi yake ya mabomba anaijua, lakini choo hiki hakuwahi kukiona. Akaziba pembeni kwa silikoni ya bunduki, ile ya kwenye madirisha ya aluminiamu. Ikashika kwenye sili, ikashika kwenye ulimi, ikashika kila mahali isipotakiwa. Kwenye plastiki ya kaseti yenyewe haikushika, maana plastiki ile haikubali gundi. Ukitaka kuunga ufa wa kaseti unauchomea kwa moto wa plastiki, na hata hivyo si kila mahali panafaa kuchomewa.

Gari lilipofika kwetu wageni walishahamishiwa hotelini. Kwa hiyo tusisikie “mpira tu”. Angekuja siku ya harufu ya kwanza tungembadilishia sili, tukampulizia silikoni ya kulainisha, akaondoka na chenji. Alikuja na sili iliyofura, ekseli ya kitasa imevunjika, kishikio cha kaseti kimekatika, na silikoni ya madirisha ambayo kijana wetu aliikwangua kwa kipande cha plastiki tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, kwa sababu ukikwangua kwa kisu unachora ulimi, na ulimi uliochorwa utavuja hata ukiwekewa sili mpya kutoka kiwandani.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuseme basi kuhusu bei, maana tunaambiwa tunaificha. Sili huko Ulaya ni kitu cha pauni kumi na kitu. Hilo mteja analiona kwenye simu yake na anatuonyesha, na ni kweli. Ila simu haimwonyeshi nauli ya ndege, ushuru, VAT ya asilimia 18, na siku mzigo unapolala kwa sababu mtu wa kutoa mizigo forodhani yuko msibani. Wala haimwonyeshi kwamba sili ya kaseti ya zamani haiingii kwenye kaseti mpya, hata kama kwa macho zinafanana, kwa hiyo lazima tuweke za aina kadhaa, na mpira unazeeka hata ukiwa kwenye mfuko wake. Kuna zinazotuharibikia kabatini na hasara hiyo hatumpelekei mtu.

Halafu kuna kazi. Kaseti tunailoweka kwanza. Tunabadilisha sili kubwa na ile ndogo ya tundu la kupumulia, ambayo wanaojitengenezea wenyewe huiacha kisha wanashangaa harufu bado ipo. Tunasafisha boya lenye sumaku linalowasha taa nyekundu kaseti ikikaribia kujaa. Mara nyingi boya limenatwa na karatasi tu, na mwenye gari ameshaambiwa na mtu barabarani kwamba “mfumo wa umeme umekufa”. Tukimaliza tunajaza maji, tunafunga, tunaipindua kichwa chini juu ya magazeti, inalala hapo usiku mzima. Asubuhi gazeti likiwa na doa, tunaanza upya kwa gharama yetu. Likiwa kavu, kaseti inarudi kwenye gari, na pale tunamimina maji juu ya ulimi uliofungwa tuone kama yanakaa.

Usiku huo mmoja ndio unaotugombanisha na watu. Mteja analeta saa nne, anataka kabla ya adhuhuri, yuko njiani Pangani. Kuna mahali watampa kabla ya adhuhuri. Sisi hapana.

Tukiacha gundi, kitu cha pili kinachojaza karakana yetu ni maji. Sisi huku tunachamba kwa maji, na hilo halina mjadala. Lakini waliotengeneza vyoo hivi waliwaza mtu wa karatasi, anayebonyeza pampu kidogo na kuondoka. Kopo moja la kuchambia linafika lita nzima. Familia moja ya Dar es Salaam iliyonunua Hiace ya kulala kutoka Japani, yenye choo kidogo cha kubeba, ilikuja kutulalamikia kwamba tangi linavuja tangu asubuhi ya pili ya safari. Halikuwa linavuja. Lilikuwa limejaa hadi shingoni, watu wazima wanne na kopo lao. Tukawashauri chupa ya kuminya yenye mdomo mwembamba, au beseni la pembeni la kuchambia ambalo maji yake hayaingii tangini. Mama mwenye gari alicheka sana, mzee hakucheka.

Maji yakimwagika pembeni ya bakuli ni tatizo jingine, maana kwenye vyoo vya kudumu nyaya za pampu na taa ziko pale kwenye kitako. Umeme wake ni wa volti 12, hautamuua mtu, ila kutu inaingia kwenye vichwa vya nyaya na unyevunyevu wa pwani unamalizia. Pampu ikigoma, tazama fyuzi kwanza. Kwenye vyoo vingi ni ya ampia 3. Dereva mmoja alipoona inaungua kila mara akaifunga kwa ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi haikuungua tena. Ukaungua waya, kuanzia chooni hadi karibu na betri, na fanicha ikavuliwa nusu ili tuufikie. Chanzo kilikuwa pampu iliyokwama kwa chumvi.

Chumvi hiyo inatoka visimani. Visima vifupi vya karibu na bahari vina maji mazito, ya chumvi na chokaa ya matumbawe, na mtu akijaza tangi la kusukumia kwa maji hayo msimu mzima, anapata ukoko mweupe kwenye pampu, kwenye ulimi, kwenye sili. Jaza maji ya bomba kila upatapo nafasi. Ukoko ukishaanza, ndimu ya unga kwenye maji ya uvuguvugu inautoa bila kudhuru mpira. Jik usiweke kabisa. Najua inaua harufu. Na sili inaiua.

Kuhusu harufu tena, kwa sababu nusu ya wanaoleta “choo kibovu” wana choo kizima. Dawa ya bluu, ile inayomiminwa kwenye kaseti kuzuia harufu, chupa yake inaahidi siku nne au tano. Hizo ni siku za nchi za baridi. Kwa joto la Tanga la mwezi wa pili, gari limeegeshwa juani Raskazone, sisi tunahesabu mbili, labda tatu. Ukipitisha hapo usiniletee sili nikubadilishie.

Kisa cha Lushoto sharti nikiseme maana kinajirudia. Gari linafungwa choo bondeni, linapanda kutoka Mombo kilomita 33 za kona hadi mji ulioko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyofungwa ndani ya kaseti bado ni ya chini, ya huko juu ni nyepesi. Tundu la kupumulia likiwa limeziba, mtu anafungua ulimi kwa pupa na kaseti inamjibu usoni. Dereva aliyetuletea gari la namna hiyo aliapa kwamba sili imepasuka. Sili ilikuwa mpya, tuliiweka wenyewe. Tundu ndilo lililokuwa limejaa uchafu. Ukifika juu, funika kwanza kifuniko cha bakuli, kisha zungusha kitasa taratibu, sikiliza hewa itoke, ndipo ufunue.

Wapo pia wanaokuja wameshaamua: ng'oa chote, weka kipya. Wanadhani tutafurahi kwa sababu hela ni nyingi. Choo cha kaseti kimejengwa ndani ya gari. Mlango wa nje, kimo, upande inakotokea kaseti, vyote vimepimwa kwa choo kile, na kipya cha aina nyingine hakiingii bila kukata kabati na bodi. Kama bakuli na kitako ni vizima, nunua kaseti mpya na kiti kipya, vinauzwa pamoja kama seti, na hutakaa ujue tofauti. Tunabadilisha chote pale tu kitako kikiwa na ufa. Hapo tunabonyeza sakafu kwa bisibisi kwanza. Gari la kampuni moja bisibisi ilizama kwenye mbao kama kwenye muhogo uliochemshwa. Walikuwa wakipiga deki kila jioni msimu mzima badala ya kuuliza maji yanatoka wapi. Choo kikawa gharama ndogo, seremala akachukua kubwa. Na tulishaombwa kuweka sinki la kuchuchumaa ndani ya kempa. Hapana.

Kumwaga ni shughuli yenu, ila lawama zinatufikia sisi. Mwenye nyumba ya wageni alitupigia akilalamika kwamba “wateja wetu” wanamwaga dawa ya bluu kwenye shimo lake la maji taka na sasa shimo linanuka. Ana haki. Dawa nyingi za bluu zinaua bakteria, na bakteria hao ndio wanaokula uchafu shimoni. Kaseti moja kwenye shimo kubwa si neno, magari ya msafara mzima kwenye shimo la familia ni neno. Muulize mwenye shimo, mwambie unatumia dawa gani, na kama unakaa mahali siku nyingi nunua zile za kijani zisizoua bakteria. Ufukweni na kwenye mikoko ni marufuku, tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na bahari hii kusini mwa mji ni hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009. Tumewahi kuacha kumhudumia mtu kwa jambo hilo na hatujuti.

Ukitaka kuja kwetu, kabla hujaondoka Mombasa au Dar chomoa kaseti, piga picha ya stika iliyoko ndani ya ule mlango mdogo, itume. Tutakujibu kama sili ipo kabatini au ni ya kuagiza. Ya kuagiza inalipiwa nusu kwanza, na risiti utapewa. Bei ya kazi tunaitaja baada ya kufungua, si kwenye simu, kwa sababu kwenye simu hakuna aliyewahi kutuambia kwamba alishapaka mafuta ya mgando. Na kaseti iletwe ikiwa imemwagwa na kusuuzwa. Inayokuja imejaa tunaimwaga sisi, kwa bei tuliyoiandika ukutani kwa herufi kubwa, na bei hiyo tumeipandisha makusudi.