YAH: MALALAMIKO KUHUSU MIKANDA NA KAMBA ZA KUKWELEA MINAZI MLIZOTUUZIA

Katibu,
Kikundi cha Waangua Nazi,
Mikindani, Mtwara.

Meneja wa Mauzo,
Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana wanaoangua nazi na kupogoa miti kwa ujira hapa Mikindani. Tulichangishana, tukanunua kwenu mikanda ya kiunoni, kamba zake na karabina, yaani pete za chuma za kuunganishia kamba na mkanda. Muuzaji wenu alituhakikishia kuwa kamba ni ya naironi, imetengenezwa maalumu kwa kumbeba mtu, na risiti yenu inasema hivyo hivyo.

Majuzi kijana wetu mmoja alikuwa kileleni, ameegemea kamba, mkono mmoja una panga na mwingine umeshika kole la nazi. Kamba ikaanza kukatika uzi baada ya uzi. Aliisikia, akatupa panga, akaukumbatia mnazi. Ameteremka mzima, lakini ngozi ya kifua na mapaja imebaki kwenye shina. Tunamshukuru Mungu.

Kamba hiyo ninayo. Upande uliokuwa ukisuguana na shina umeyeyuka, nyuzi zimegandana, zimekuwa ngumu na zinang'aa. Upande uliopigwa na jua ukiupitishia kidole unatoa unga mweupe. Tulikata kipande tukakitia kwenye ndoo ya maji, kikaelea. Naironi huzama. Inayoelea namna hii kwa kawaida ni polipropilini, yaani manila ya kawaida ya kufungia mitumbwi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi na huchakaa upesi juani. Kiwango cha Ulaya cha EN 1891 kinataka kamba ya kundi A ya kumbeba mtu ihimili kilonyutoni 22, sawa na uzito wa zaidi ya tani 2. Hii yenu haina lebo wala alama yoyote ya kiwango.

Naomba mlielewe hili vizuri. Mkwezi anayekwea kwa kitanzi cha miguuni tu, kama walivyokwea wazee wetu, hauachii mnazi hata sekunde moja. Mkimpa kamba mnamfundisha kuachia. Anaegemea nyuma, anafanya kazi kwa mikono miwili, uhai wake wote ameukabidhi kwenye kamba. Kamba ya uongo ni hatari kuliko kukwea bila kamba kabisa, na hiyo ndiyo mliyotuuzia.

Karabina nazo hazina alama ya kN (kilonyutoni) ya kuonyesha zinahimili nguvu kiasi gani, na midomo yake haina kufuli. Ikigusana na kuti inafunguka yenyewe. Halafu kila mkanda mmeuuza na kamba 1. Mnazi hauna matawi ya kumzuia mtu anayeporomoka, na akifika kwenye makuti lazima aifungue kamba ili aipitishe juu. Wakati huo anashikwa na nini? Wapogoaji wa Uingereza na Marekani hutakiwa kujifunga sehemu 2 kabla ya kukata kwa msumeno wa mnyororo, maana kinachokata tawi hukata na kamba. Panga nalo ni hivyo hivyo.

Tunataka mturudishie fedha zetu zote, na mwondoe kamba hizi madukani leo, kabla hazijamfikia mkwezi wa Lindi au Kilwa ambaye hatutapata nafasi ya kumwonya. Mkileta nyingine, zije na alama za viwango na maelezo ya Kiswahili: namna ya kukagua kamba kabla ya kupanda, na lini itupwe. Tunataka pia mgharamie matibabu ya kijana wetu, ambaye hadi sasa hawezi kufanya kazi.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Kipande cha kamba, karabina na nakala ya risiti tutavileta ofisini kwenu wenyewe. Kamba iliyobaki tunaitunza kama ushahidi.

Wenu,
Katibu wa Kikundi

Nakala:
Tume ya Ushindani
Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA)