Barua kwa Mussa: fremu ya skrini

Tanga, Jumapili jioni

Swahiba wangu Mussa,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, shemeji yako anakusalimu na anadai zile dagaa za Mwanza ulizomuahidi tangu Idi.

Umeuliza habari za ile skrini ya projekta uliyoiona pichani, ukasema nawe unaitaka sebuleni kabla AFCON ya 2027 haijaja kwetu, usije ukabanana na vijana kwenye banda umiza la kutazamia mpira. Nitakueleza, ila ujue hiyo uliyoiona ni ya pili. Ya kwanza iko uani, kuku wanailalia.

Nilianza na shuka. Nani hajaanza na shuka? Nikalipigilia ukutani, nikawasha projekta, tukafurahi kama dakika kumi. Halafu feni ikalipepea, na kila mchezaji akikimbia anakatika kiuno. Tena mwanga nusu unapenya na kupotelea ukutani, picha inakuwa kama maji ya mchele. Nikaenda kwa wauza mapazia nikanunua blakauti, kile kitambaa kizito kinachoshonwa nyuma ya pazia kuzuia jua. Chagua cheupe kabisa, na ukipime palepale dukani: weka tochi ya simu nyuma yake, ukiona duara la mwanga, mrudishie mwenyewe.

Kitambaa kilinipa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa mbao. Nilinunua paini ya Lushoto, bei nzuri, na sikujiuliza kwa nini ni nzuri. Mbao mbichi, Mussa! Ilikuwa masika, zimekatwa juzi, ukizishika viganja vinapata ubaridi. Fremu siku ya kwanza ilinyooka kama rula. Wiki ya tatu kona moja ya chini imeachana na ukuta kwa vidole viwili, na kitambaa kimeingia mkunjo kutoka kona hadi kona. Nikaongeza skrubu, ikapinda upande wa pili.

Mara ya pili nilimchukua fundi seremala mzee wa mtaani kwetu. Yeye anauinua ubao, anafumba jicho moja, anautazama kwa urefu wake kama anayelenga bunduki. Katika mbao ishirini alichagua sita. Alitaka nichukue mtiki wa msitu wa Longuza, nikamwambia sijengi jahazi. Paini kavu ya inchi mbili kwa moja inatosha, na ni nyepesi kutundika.

Sasa vipimo, hapa soma polepole. Picha ya projekta nyingi ni 16 kwa 9, yaani upana 16 kwa kimo 9. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa sentimita 221 kwa 124.5, yaani inchi 100 kutoka kona hadi kona, na hesabu hiyo ni sahihi mpaka utakapotaka kuweka mpaka mweusi wa mahameli kuzunguka. Utautaka, maana mahameli hunywa ule mwanga unaomwagika pembeni, na macho yanaiona picha imekolea. Lakini ukipunguza sentimita 5 kila upande, unabaki na 211 kwa 114.5, na hiyo si 16 kwa 9 tena. Ukiijaza picha kwa upana, juu na chini inaliwa na mahameli, na matokeo ya mechi huandikwa pale juu! Kwa hiyo anza na nafasi ya picha, ndipo uongeze mpaka. Yangu ya sasa ndani ni 203.6 kwa 114.5, nje 213.6 kwa 124.5. Ni kama inchi 92, na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza zile nane zimekwenda wapi.

Kimo sikuweza kukiongeza kwa sababu ya kitambaa. Blakauti niliyopata ina upana wa sentimita 137. Toa 124.5, unabakiwa na sita na kidogo juu na sita na kidogo chini. Unene wa mbao unakula mbili na nusu, kinachobaki ndicho cha kushikia pini za stepla kwa nyuma. Pima kitambaa kwanza, mbao baadaye.

Kwenye kona, fundi alipunguza kila ubao nusu ya unene ili mbao zilaliane, akatia gundi na skrubu. Kabla gundi haijakauka tulipima kwa futi kutoka kona hadi kona, pande zote mbili: sentimita 247 na sentimita 248 na nusu. Akaigonga kona moja kwa kiganja, zikalingana. Ubao wa katikati ameurudisha nyuma kidogo, na kingo za ndani amezipiga randa zikalala, kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Vinginevyo alama ya mbao inajichora kwenye picha.

Kuvuta kitambaa tulifanya wawili. Pini moja katikati juu, moja katikati chini, kisha kushoto na kulia, ndipo tukasogea kuelekea kona kidogokidogo. Ukianzia kona utalia. Shemeji yako alikipiga kidole katikati, kikalia kama dufu, akasema basi, msivute tena.

Nitumie upana wa ukuta wako na umbali wa kutoka projekta itakapokaa hadi ukutani. Na usinunue mbao yoyote kabla sijakujibu.

Wako,
Hamisi