Nani anaandika ujumbe wa mbunge wangu?

Mhariri,

Ile habari yenu ya vyama kuwapangia wabunge la kuandika mitandaoni imeniudhi kwa sababu moja: mmeiandika kana kwamba imeanza jana. Miaka yote nasoma gazeti nikinyamaza, ila hili hapana.

Jioni ujumbe hushuka katika kundi la WhatsApp la wabunge wa chama. Aya mbili, bango la rangi za chama, hashtegi, na saa ya kuutoa. Mheshimiwa hausomi. Anamrushia kijana wa kurasa zake, naye hubadilisha jina na kubandika, na hapo kwenye kubadilisha ndipo mambo huharibikia. Juzi ukurasa wa mheshimiwa mmoja wa huku kwetu ulitoka na mstari wa kwanza usemao, "Weka jina la eneobunge lako hapa." Chini yake watu walikuwa wakiulizia maji, mifereji mikavu wiki ya tatu. Ujumbe ukafutwa, na maswali yakafutika nao.

Wanatii kwa nini? Woga wa kiti. Hapa Kenya, Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamhesabu anayeendeleza itikadi ya chama kingine kuwa amejiuzulu, na Kifungu cha 103 cha Katiba kinamnyang'anya kiti aliyekihama chama kwa njia hiyo. Kwa hivyo sentensi mbili za Facebook zaweza kupigwa chapa na kupelekwa kamati ya nidhamu kuwa ushahidi. Lakini fimbo ya haraka ni kamati za Bunge: chama kilichokuweka kinaweza kukutoa, na kiranja wa chama, msimamizi wa nidhamu bungeni, hahitaji hata mahakama. Mwaka 2020 Jubilee, chama tawala wakati ule, ilimvua seneta wake Kipchumba Murkomen uongozi wa wengi katika Seneti, wengine wakajifunza kunyamaza. Na bado wamemsahau Aisha Jumwa wa Malindi! Chama chake cha ODM kilimfukuza 2019 kwa kumuunga mkono William Ruto, Naibu wa Rais wakati ule kutoka Jubilee, jopo la mizozo ya vyama likabatilisha, naye akakaa na kiti chake hadi 2022. Kumbe fimbo ya vyama si kali wanavyodhani.

Na huku kublokiwa nako! Tangazo la fomu za basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneobunge, pesa zetu wenyewe, hutolewa kwenye ukurasa uo huo. Mzazi aliyeuliza swali chungu akablokiwa, fomu zitafungwa bila yeye kujua.

Nashauri kila ujumbe utiwe herufi mwishoni: CH ukitoka chamani, MW akiandika mwenyewe. Makanga wa matatu ya Mtwapa akiita abiria, gari analoliitia tunalijua. Na kila Ijumaa baada ya Adhuhuri, MW mmoja tu, kuhusu mitaro ya maji taka. Yule kijana naye alipwe nyongeza kidogo, asome mstari wa kwanza kabla ya kubandika.

Mpiga kura,
Mombasa