Chen, Chan na Tan ni jina moja, lakini si lazima wawe ndugu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu majina ya Wachina imesomwa sana huku Nyanda za Juu Kusini. Haishangazi. Reli ya TAZARA inapita Makambako na Mbeya tangu miaka ya 1970, na tangu makubaliano ya 2022 yalipofungua soko la China kwa parachichi zetu, majina hayo yanaonekana kwenye mikataba, ankara na fomu za benki hata Njombe na Rungwe. Ndiyo maana tunaomba nafasi ya kusahihisha mambo mawili. Makala ilisema Chen, Chan na Tan ni koo tatu tofauti, kisha ikasema kila mwenye jina la Chen ametoka kwa babu mmoja. Yote mawili si kweli.

Tuanze na Chen yenyewe. Ni jina la tano kwa wingi China bara, baada ya Wang, Li, Zhang na Liu. Wenye jina hilo wanazidi milioni 60, yaani karibu sawa na Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Mikoani Fujian na Guangdong, na kisiwani Taiwan, ndilo linaloongoza.

Karibu mwaka 1046 KK, Mfalme Wu wa Zhou aliiangusha dola ya Shang. Mshindi alitakiwa awatafute wazao wa wafalme wa kale na kuwapa ardhi, ili matambiko ya wazee wao yasikatike. Mmoja wao aliitwa Gui Man, aliyehesabiwa kuwa mzao wa Shun, mtawala mwema wa masimulizi ya kale. Alipewa nchi ya Chen, ambayo mji wake ndio Huaiyang ya leo mkoani Henan, na akaozwa binti mkubwa wa mfalme. Ukoo wake ulitawala hapo hadi dola ya Chu ilipoimeza nchi hiyo mwaka 478 KK. Waliopoteza nchi walibaki na jina la nchi. Kwa hiyo Chen kwanza lilikuwa jina la mahali, halafu likawa jina la watu.

Hapo makala yenu ilipita haraka mno. Zamani hizo Wachina wenye vyeo walikuwa na majina ya aina mbili. La kwanza liliitwa xing: ukoo mkubwa wa kuzaliwa, ambao ndio uliotumika kuchunga miiko ya ndoa. La pili liliitwa shi: tawi, ambalo mara nyingi lilitokana na ardhi au cheo. Gui ilikuwa xing, Chen ilikuwa shi. Wenye xing moja hawakuoana hata kama hawakuwahi kuonana, jambo ambalo mzee wa huku anayejua miiko ya ukoo wake hahitaji kufafanuliwa. Alama ya neno xing, yaani umbo lake katika maandishi ya Kichina, imeundwa kwa sehemu mbili, mwanamke na kuzaa, na alama ya Gui nayo ina mwanamke ubavuni. Majina ya aina hizo mbili yalikuja kuchanganyika kuwa jina moja la ukoo kufikia enzi za Qin na Han. Anayesema "Chen maana yake ni ukoo wa mfalme fulani" anaunganisha vitu ambavyo wenyewe walivitenganisha kwa karne nyingi.

Matawi nayo hayakukaa mahali pamoja. Mwaka 672 KK mtoto wa mtawala, Chen Wan, alikimbia fitina za kwao akaenda dola ya Qi. Huko wazao wake walijulikana kwa jina la Tian, ambalo kwa matamshi ya wakati ule lilikaribiana sana na Chen. Mwaka 386 KK Tian hao walitambuliwa rasmi kuwa watawala wa Qi. Kwa hiyo wapo akina Tian wenye haki ya kudai asili ya Chen ya kale kuliko akina Chen wengi wa leo.

Kuna pia walioingia kutoka nje kabisa. Mwaka 496 BK mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini, aliyekuwa wa kabila la Xianbei, aliamuru watu wake waache majina marefu ya kwao na kuchukua majina mafupi ya Kichina. Ukoo wa Houmochen ukawa Chen. Wazao wao ni akina Chen kamili, wenye vitabu vya ukoo na kumbi za mababu, wala asili yao haikuanzia Huaiyang. Hivi ndivyo majina yanavyokua duniani kote. Akina Sanga wawili wakikutana stendi ya Makambako wana la kuzungumza, lakini jina peke yake halithibitishi kwamba babu yao ni mmoja.

Vitabu vingi vya ukoo wa Chen hutaja Yingchuan, jimbo la kale la Henan, kwa sababu ya Chen Shi aliyeishi kati ya 104 na 187 BK. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alimwona mwizi amejificha juu ya boriti ya nyumba yake. Hakupiga kelele. Aliwaita watoto na wajukuu, akawaambia kwamba waovu hawakuzaliwa waovu, huzoea tu, kama yule bwana aliye juu ya boriti. Mwizi akashuka na kuomba radhi. Mpaka leo Wachina humwita mwizi "bwana wa kwenye boriti". Ukikuta neno Yingchuan juu ya mlango wa jengo la zamani la Wachina, kuna uwezekano mkubwa ni la akina Chen.

Kusini walifika kwa awamu. Chen Baxian aliasisi dola iliyodumu kuanzia 557 hadi 589, nayo ikabeba jina la ukoo wake. Chen Yuanguang, ofisa wa enzi ya Tang, anaheshimiwa kama mwanzilishi wa Zhangzhou mkoani Fujian mwaka 686, na mahekalu yake yapo hadi Taiwan. Kutoka pwani hizo ndipo jina lilipopanda merikebu.

Sasa tufike kwenye Chan na Tan. Alama ni ileile, 陳, ambayo China bara tangu mageuzi ya 1956 huandikwa kwa ufupi 陈, kwa mikato 7 ya kalamu. Kinachobadilika ni lugha ya msomaji. Kwa Kichina sanifu ni Chen, kwa Kikantoni cha Hong Kong ni Chan, kwa Kihokkien cha Singapore na Malaysia ni Tan, kwa Kivietnam ni Trần. Huko Vietnam ukoo wa Trần ulitawala kuanzia 1225 hadi 1400 na kuwarudisha nyuma wavamizi wa Kimongolia mara tatu. Nchini Indonesia, ambako Wachina walihimizwa kubadili majina miaka ya 1960, Tan ilifichwa ndani ya majina kama Tanoto.

Lakini kinyume chake hakifuati, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Tan wa Singapore kwa kawaida ni 陳. Tan wa Beijing aliyeandikwa kwa matamshi sanifu anaweza kuwa 谭, ukoo mwingine kabisa, ambao Wakantoni huutamka Tam. Herufi za Kirumi peke yake hazitoshi kukutambulishia ukoo wa Mchina. Ni lazima uione alama. Wachina wenyewe huulizana "Chen ipi?", na jibu ni "er dong Chen", yaani Chen ya sikio na mashariki, kwa sababu upande wa kushoto wa alama unafanana na sikio na upande wa kulia ni neno mashariki. Kwa kweli lile si sikio. Umbo hilo likiwa kushoto ni kilima, na likiwa kulia ni makazi ya watu. "Sikio" ni njia ya kukumbukia tu.

Kuna pia jina la Cheng, 程, ambalo husikika karibu sawa. Bahati nzuri Kiswahili kina sauti inayosaidia: Chen huishia kwa n ya kawaida, Cheng huishia kwa ng' ya ng'ombe. Wachina wengi wa kusini nao huzichanganya sauti hizo, kwa hiyo usiandike jina kwa kusikia simuni. Na ile e si ya "chenza". Ni sauti ya mdomo uliolegea, katikati ya e na a, na toni hupanda kama ya mtu anayeuliza.

Kwenye karatasi, ukoo hutangulia. Balozi Chen Mingjian ni Balozi Chen, kamwe si Balozi Mingjian. Mwanamke wa China akiolewa hubaki na jina la kwao, hivyo msitarajie mke wa Bwana Chen awe Chen. Pasi ya kusafiria ya China hutenga ukoo na jina la kupewa kwa alama ya koma, na jina la kupewa huunganishwa: CHEN, MINGJIAN, si MING JIAN. Karani akiligawa vipande viwili kwenye fomu ya benki, "Ming" hugeuka kuwa jina la kati, na malipo yanaweza kurudishwa kwa kuwa jina halifanani na la kwenye akaunti. Dawa yake ni ndogo: omba nakala ya pasi na alama za Kichina zilizoandikwa na mwenyewe, nakili ukoo kwa herufi kubwa, na mkataba ubebe vyote viwili. Ukoo wa Lü usikushangaze ukiuona LYU. Ndivyo pasi za China zinavyoiandika hiyo ü.

Tahadhari moja ya mwisho kwa wahariri wa habari za biashara. Wavietnam nao hutanguliza ukoo, lakini kwa heshima huitwa kwa jina la mwisho, lile la kupewa. Mtu anayeitwa Trần Văn Minh ni Bwana Minh. Kanuni ya Wachina mkiitumia kwake, mtakuwa mmemwita Bwana Trần, na katika chumba chenye Wavietnam kumi huenda akageuka zaidi ya mmoja.

Walimu wa historia na wa lugha ya Kichina,
Mbeya na Iringa