Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Neno "asilia" kwenye kopo halitoshi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kama mfamasia. Makopo ya unga wa mitishamba wa "kuongeza nguvu" hutangaza kwa herufi kubwa kuwa ni asilia asilimia 100. Ukibahatika, utasoma jina la mti. Alkaloidi iliyomo, yaani kemikali ya mmea yenye nguvu mwilini, na miligramu zake huzioni.

Chukua yohimbini, alkaloidi ya gome la mti wa yohimbe. Kwenye ncha za neva kuna vipokezi viitwavyo alfa-2, ambavyo ni breki: noradrenalini, kemikali ya neva inayouamsha mwili, inapozidi huvigusa, na utoaji wake hupungua. Yohimbini huvikalia vipokezi hivyo, noradrenalini isipate pa kugusa. Breki haishiki tena. Moyo unadunda mbio, presha inapanda, mikono inatetemeka, usingizi unapaa. Mtumiaji atasema dawa imeshika, na kweli imeshika. Sasa mfikirie mwenye presha au maradhi ya moyo.

Nikotini hupita mlango mwingine. Huamsha vipokezi vya asetilikolini, kemikali nyingine ya neva, katika sehemu ya ndani ya tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Kafeini, ambayo nayo ni alkaloidi, huweza kupandisha adrenalini na kortisoli, homoni za msongo, hasa kwa asiyeizoea. Na kuna watengenezaji wanaoichanganya na yohimbini!

Sipingi mitishamba hata kidogo. Reserpini ilitokana na mmea wa Rauvolfia ikawa dawa ya presha hospitalini: huzuia noradrenalini isihifadhiwe kwenye vifuko vya neva, akiba ikaisha, presha ikashuka. Lakini kipimo chake cha kawaida ni kama miligramu 0.1 hadi 0.25 kwa siku. Kipimo cha namna hiyo hakichotwi kwa kijiko.

Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye alkaloidi za efedra, mmea wa kuchangamsha mwili, mwaka 2004, baada ya ripoti za mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Sisi tusingoje mpaka huko.

Naomba kanuni moja: kila kopo litaje alkaloidi yake kuu, miligramu kwa kila dozi, na onyo kwa wenye presha, wajawazito na wanaotumia dawa za msongo wa mawazo. Kromatografia, njia ya maabara ya kutenganisha kemikali, inapima haya kwa kila toleo la bidhaa. Mtengenezaji asiyeweza kutaja miligramu zake asipewe kibali cha kuuza.

Wako mtiifu,
Mfamasia