Winga wako aliyenuna

Brooklyn Park, Minnesota
10 Agosti 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, umwambie dawa ya mgongo ameshakabidhiwa mtu anayesafiri. Shemeji na watoto wasalimie sana. Huku sisi ni wazima, joto la Agosti linatupa nafuu kabla baridi haijarudi.

Juzi ulipokata simu sikupata usingizi upesi. Umeniambia winga wako wa kulia hajaja mazoezini wiki mbili, anawaambia wenzake hapewi mipira, na timu ya mtaa wa pili wameshaanza kumzunguka. Tena wako tayari kukupa beki wao wa kati na seti moja ya jezi. Ukasema, "Bora aende, asije akatuharibia wengine." Halafu ukaniuliza mimi ningefanyaje. Nilikuwa jikoni kazini, sufuria ziko motoni, nikakujibu nusunusu. Leo nimepumzika, na jibu ninalo. Mji huu niliokaa miaka minane umeulizwa swali lako mara tatu, na nimelisikia likibishaniwa pale jikoni mpaka chai za wazee zikapoa.

Mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mkononi, najua hujawahi kuufuatilia, basi nikupe kidogo tu. Kuna mtu mmoja anayerusha, wanamwita kwotabeki. Mbele yake wanakimbia wadakaji. Mdakaji anaweza kumwacha beki hatua tatu, akasimama peke yake kama mlingoti wa bendera, na mrushaji asipomtazama kazi yote hiyo imekwenda na maji. Ndiyo sababu wadakaji hununa kuliko wachezaji wengine: riziki yao iko mkononi mwa mwenzao. Winga wako ungemweleza hilo angekuelewa mara moja.

Jambo la pili, timu za huku hazinunuliani wachezaji kwa fedha kama Yanga na Azam. Hubadilishana: nipe mtu nikupe mtu, au nikupe zamu yangu ya kuchagua. Kila mwaka vijana wanaotoka vyuo vikuu huchaguliwa kwa zamu, aliyefanya vibaya msimu uliopita anatangulia, na ile zamu yenyewe ni mali. Ukimtoa nyota wako ukapewa zamu, umepewa mfuko wa mbegu. Hujui kitaota nini.

Nilifika huku mwaka 2017. Timu ya hapa ni Minnesota Vikings, ilianza mwaka 1961, imefika fainali kuu ya Super Bowl mara nne na kufungwa mara zote nne. Kwenye nyumba ya kulea wazee ninakopika kuna mzee mmoja aliyekuwa akienda uwanjani tangu miaka ile ya mwanzo, na zile fainali nne anazisimulia kama misiba ya kwao. Januari 14, 2018, baridi yangu ya kwanza, nilikuwa nakusanya vyombo ukumbini wakati Vikings wanacheza na New Orleans Saints. Zimebaki sekunde 10, Vikings wako nyuma 24 kwa 23. Case Keenum akarusha pembeni, Stefon Diggs akaruka akadaka, beki aliyemjia akapita chini yake bila kumgusa, Diggs akaweka mkono chini asianguke, akakimbia mpaka mwisho. Yadi 61, karibu mita 56. Muda ukaisha yuko ndani. Yule mzee alinishika mkono akalia, na mimi sikuwa hata najua kanuni za mchezo. Tangu siku ile niliufuatilia.

Sasa sikiliza kilichofuata. Huyo huyo Diggs, waliyempata katika raundi ya tano ya kuchagua vijana mwaka 2015, akiwa wa 146, mtu ambaye timu nyingi zilimpita, mwaka 2018 akapewa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 72. Mwaka uliofuata timu ikaamua kucheza kwa kukimbia na mpira zaidi ya kurusha. Baada ya kufungwa Chicago 16 kwa 6, Diggs hakutokea mazoezini. Alipoulizwa kama ni kweli anataka kuondoka, hakukana. Timu ikampiga faini ya zaidi ya dola laki mbili.

Jikoni kwetu moto ukawaka. Mwenzangu mmoja ni Mliberia, hapa Brooklyn Park Waliberia ni wengi sana. Yeye alisema mtu aliyechukua fedha zote zile halafu hatokei kazini aondolewe leo leo, maana vijana wanamtazama. Mwingine ni Mkisii wa Kenya, akasema wewe umekaa mezani hupakuliwi, utaendelea kusifia mpishi? Mzee wetu, tukimpelekea uji, alikuwa na neno moja tu: "Tulishamfanyia Moss hivi hivi."

Huyo Randy Moss ndiye kidonda cha hapa. Alikuja mwaka 1998, msimu wake wa kwanza akafunga tachidauni 17, ndiyo magoli yao, na Vikings wakashinda michezo 15 wakapoteza 1. Lakini alikuwa na mdomo na vituko, viongozi wakamchoka, na mwaka 2005 wakampeleka Oakland. Wakapewa beki mmoja, Napoleon Harris, na zamu ya saba ya kuchagua. Zamu hiyo wakamchagua Troy Williamson, mdakaji mwenye mbio kali. Mbio zilikuwepo, mikono haikuwepo. Mpira unamfikia kifuani, unamponyoka. Baada ya miaka mitatu walimtoa kwa zamu ya raundi ya sita, yaani karibu na bure.

Na Moss? Oakland alipoa kabisa, watu wakasema amekwisha. Mwaka 2007 New England wakamchukua kwa zamu ya raundi ya nne tu. Msimu ule ule akafunga tachidauni 23, rekodi ambayo hakuna mdakaji aliyeifikia mpaka leo. Timu ilikamilisha michezo 16 ya msimu bila kufungwa, ikaja kupoteza kwenye Super Bowl. Mtu yule yule na miguu ile ile, kilichobadilika ni nani anamrushia. Hapo naomba usimame kidogo, kaka, uifikirie timu yako.

Mara ya pili ilikuwa mdakaji Percy Harvin mwaka 2013, naye akagombana na viongozi akapelekwa Seattle. Hiyo sikurefushii. Vikings walipata beki mzuri kwenye zamu waliyopewa, na Seattle wakabeba kombe msimu ule ule, kisha nao wakamwondoa mwaka uliofuata.

Diggs aliondoka Machi 16, 2020. Naikumbuka tarehe kwa sababu ni wiki ile ile corona ilipofunga kila kitu, wazee wetu wakawa wanaongea na watoto wao kupitia dirishani. Tulikuwa na hofu, na tukawa tunabishana kuhusu Diggs kwa barakoa usoni. Nadhani kubishana kulitusaidia. Buffalo walimchukua, Vikings wakapata zamu nne, kubwa kati yake ikiwa ya 22 katika raundi ya kwanza. Mzee akasema tumekwisha tena.

Siku ya kuchagua ilipofika, wadakaji watatu walichukuliwa mapema. Philadelphia, waliokuwa na zamu ya 21, wakamchukua Jalen Reagor. Zamu iliyofuata ikawa ya Vikings, wakamchukua Justin Jefferson. Msimu wake wa kwanza alivuna yadi 1,400. Mwaka 2022 alidaka mipira 128 kwa yadi 1,809, akaongoza ligi nzima. Philadelphia mpaka leo wanaumwa na namba 21 ile.

Lakini nakuomba usiishie hapo, kwa sababu watu wengi wa huku huishia hapo, wakasema: umeona, ukimwondoa mnunaji unabarikiwa. Tazama na upande wa Diggs. Mwaka wake wa mwisho hapa alirushiwa mipira 94. Mwaka wake wa kwanza Buffalo alirushiwa 166, akadaka 127, yadi 1,535, na kote kuwili akawa wa kwanza katika ligi. Buffalo walishinda michezo 13 wakapoteza 3. Mwaka huo huo Vikings, pamoja na Jefferson wao, walishinda 7 na kupoteza 9. Maana yake alichokuwa ananung'unikia kilikuwa kweli. Alikosea kutotokea mazoezini, hilo nakubali, lakini hesabu ilikuwa upande wake.

Novemba 13, 2022 walikutana Buffalo. Nilibadilishana zamu ya kazi ili niangalie na mzee. Diggs akadaka 12, Jefferson akadaka 10 kwa yadi 193. Mwishoni Vikings wanazihitaji yadi 18 katika jaribio lao la mwisho, Jefferson akaruka akaunyakua mpira kwa mkono mmoja huku beki ameushika pia. Vikings wakashinda 33 kwa 30 katika muda wa nyongeza. Mliberia na Mkisii walishangilia pamoja, na baadaye wakaanza upya kubishana nani alifaidika. Mimi nilikuwa natazama watu wawili walio uwanja mmoja, kila mmoja akiwa mahali panapomfaa.

Na nikwambie na lile linaloipinga hoja yangu, nisikufiche. Miaka minne baada ya kuhamia Buffalo, Diggs alinuna na huko vilevile. Wakampeleka Houston Aprili 2024, wakapata zamu ya raundi ya pili, huku hesabu yao ya mishahara ikibeba mzigo wa dola milioni 31 kwa mtu asiyewachezea. Watu walidhani wataanguka. Wakashinda michezo 13, na mrushaji wao Josh Allen akawa mchezaji bora wa ligi. Kwa hiyo kuna watu ambao kununa kwao kunajirudia popote waendapo, na kuna timu ambayo ikimtoa inapumua. Lakini Buffalo walikuwa na Allen. Wewe una nani wa kuwalisha wengine mipira?

Nyumbani tuliyaona haya haya kwa kiungo Fei Toto. Aliondoka Yanga Desemba 2022, shirikisho la soka, TFF, likasema bado ni mchezaji wao, kelele nchi nzima, mpaka Rais Samia akaiomba Yanga iyamalize, na Juni 2023 akaenda Azam. Msimu uliofuata akafunga magoli 19, Azam wakashika nafasi ya pili. Yanga wakachukua ubingwa, wakafika robo fainali ya Afrika, maana kina Pacôme na Maxi walikuwa wameshaletwa. Wangemwacha aende bila kuleta watu, wewe na mimi tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Basi jibu langu ni hili. Kabla hujaamua, mpe kijana mmoja daftari akae pembeni mechi mbili, hata za mazoezi, ahesabu winga anapokea mipira mingapi na ile ya kiungo wako wa kati inakwenda wapi. Mimi nina wasiwasi na yule kiungo, tangu mwaka juzi anacheza kushoto tu kwa rafiki yake. Kama hesabu inasema kijana anasema kweli, tatizo hutalihamisha kwa kumhamisha yeye. Ataondoka, utamweka mwingine pale, naye atasimama kama mlingoti.

Na yule beki wanayekupa umemwona akicheza, au umesikia tu? Mabeki unao watatu. Winga ukimtoa huna. Jezi zitachakaa baada ya msimu mmoja. Kama lazima aende, usipokee kitu kwa hasira ili mradi umepokea. Mtafute kwanza wa kuziba pale, umwone kwa macho yako siku tatu, ndipo uzungumze na wale wa mtaa wa pili.

Halafu mwende nyumbani kwao. Nina sababu ya kukuomba hivi. Nilipokuwa na miaka 16 nilisusa timu yako siku kumi, wewe ukiwa nahodha. Watu walikwambia niachwe. Ulikuja Ijumaa baada ya sala, ukakaa nami mkekani barazani, ukaniuliza, "Nini kinakukera?" ukanyamaza mpaka nikasema. Jumatatu nikarudi. Sijui kama unakumbuka. Mimi sijasahau hata rangi ya ule mkeka.

Akikujibu ukaona bado anataka kuhama, mpe mkono aende. Mzigo unaletwa na jirani anayefika Dar mwisho wa mwezi, atautuma Tanga kwa basi. Dawa ya mama iko juu kabisa. Chini kuna jozi mbili za viatu vya mpira, kubwa ni namba 42, ni ya winga. Mpe hata kama utamkuta ameshavaa jezi ya mtaa wa pili.

Ndugu yako